Hakuna Kujiombea

Husemwa kwamba mtu akishtuka hupiga ukelele. Labda wengine. Mama Tanuri alipatwa na mshtuko mkubwa kuliko yote ya maisha yake akiwa amekaa wima kwenye kiti cha ngozi katika ukumbi wa Gavana, mikono yake miwili juu ya meza, na sauti aliyoitoa ni ya kikohozi tu. Aliyegundua kuna jambo ni daktari wa meno peke yake, aliyekaa kushoto kwake, na yeye akadhani mama wa watu amepaliwa. Akamsogezea glasi ya maji.

Maji! Lakini tusimlaumu kabla ya kumjua.

Mama Tanuri alikuwa mwokaji mikate, na jina hilo alilipata kazini. Mji mzima ulikula mkate wake, pamoja na Gavana, ambaye hakujua unaokwa na nani. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha kuwekea unga, chenye meza ndefu ya kukandia na joto la kumtoa mtu koti, na ndani ya chumba hicho ndimo ulimozaliwa Umoja, chama cha kudai uhuru. Askari wa siri hawakuwahi kushuku, kwa sababu watu kuingia na kutoka kwa mwokaji si habari.

Koloni lile lilikuwa na jamii tatu. Kulikuwa na watu wa milimani na watu wa bondeni, ambao walikuwapo tangu enzi na walinuniana tangu enzi hizo hizo. Wa tatu walikuwa watu wa meli, ambao babu zao waliletwa kukata miwa ya Kampuni. Mkataba ukaisha, na meli haikurudi kuwachukua. Mama Tanuri alikuwa mtu wa meli. Baba yake alizaliwa humo humo melini, katikati ya bahari, kabla hata ya kuona nchi kavu.

Mkutano wa kwanza wa Umoja nusura uwe wa mwisho. Kila kiongozi alivutia kwake, sauti zikapanda, mtu wa milimani akamshika mwenzake wa bondeni ukosi wa shati. Mama Tanuri akachukua ule mti wa kusukumia unga, akaupiga mezani mpaka vumbi jeupe likawapaka wote nyuso.

"Nyamazeni!" alisema. "Kwetu tulizaliwa kumi na mmoja, na sufuria ni moja. Tungekuwa tunajipakulia, wadogo wangezikwa. Mama akaweka sheria: hakuna kujipakulia. Kila mtu anampakulia aliye kulia kwake. Na hapa tufanye hivyo hivyo. Hakuna kujiombea. Kila mmoja awaombee watu wa mwenzake."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Likakatwa shauri papo hapo. Mama Tanuri atawaombea watu wa bondeni. Wakili, kiongozi wa bondeni, atawaombea watu wa milimani. Mzee Reli wa milimani, mkuu wa chama cha wafanyakazi wa reli, atawaombea watu wa meli.

"Kinyozi hajinyoi," Mzee Reli alisema, akijipangusa unga kwenye masharubu.

"Na mtegemea cha nduguye hufa maskini," akadakia mume wa Mama Tanuri, dereva wa gari la mikate, ambaye hakuna mlango aliopita bila kuuachia mzaha. Wakamfukuza akagawe mikate.

Sheria ile ilimchanganya Gavana kichwa. Alizoea kumwita mmoja mmoja pembeni, kumwonjesha kidogo na kumwahidi zaidi. Sasa akimwita Wakili na kumpa shule bondeni, Wakili anadai hospitali milimani. Akimwita Mama Tanuri na kumwahidi viti maalumu vya watu wa meli, Mama Tanuri anajibu, "Mimi sina ninachoomba, mheshimiwa. Kamuulize Mzee Reli." Mara mbili Gavana aliahirisha mazungumzo ya uhuru kwa kisingizio kwamba siku Mwingereza... hapana, nisimtaje, kwamba siku wakubwa wakiondoka, hawa watachinjana. Mara zote mbili Umoja ulirudi mezani ukiwa kitu kimoja, na kisingizio kikamchachia mdomoni.

Miaka ikapita, sheria ikazidi kuwa kali kuliko ilivyokusudiwa. Mwanzo ilikuwa mwiko kujiombea tu. Baadaye ikawa aibu hata kumkumbusha yule anayekuombea, kwani huko nako ni kujiombea kwa mlango wa nyuma. Mtu mmoja wa bondeni aliwahi kumnong'oneza Mama Tanuri habari za daraja la kijijini kwao, na hakualikwa tena mkutanoni. Mama Tanuri mwenyewe ndiye aliyesimamia afukuzwe. Alijivunia jambo hilo, mwanamke yule, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Kisha Mzee Reli akafa. Alilala salama na hakuamka, majuma machache tu kabla ya mazungumzo ya mwisho. Waliomlilia hawakuwa wa milimani peke yao. Watu wa meli walifunga maduka. Watu wa milimani wakamchagua mpwa wake akalie kiti chake, kijana mpole, daktari wa meno, aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Kazi yake ni kufumbua vinywa vya watu. Hakuna aliyejiuliza kama yeye chake kinafumbuka.

Na sasa ndiyo ile siku, ukumbini kwa Gavana. Mazulia, mapazia mazito, saa kubwa ya ukutani. Gavana alikaa kichwani pa meza akiwa kimya, na Katibu wake alisoma kifungu kimoja baada ya kingine. Mwisho wa kila kifungu aliuliza, "Kuna hoja?" Ukimya ukiwapo, alisema, "Kimepita," na kuweka alama.

Kifungu cha uraia kilipofika, Mama Tanuri hata hakukaza masikio. Alikijua. Raia ni aliyezaliwa hapa, na ambaye baba yake naye alizaliwa hapa. Watu wa Gavana walikuwa wamekiandika ili kuwachomoa watu wa meli, na katika kila kikao Mzee Reli alisimama akakipinga mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Leo kingepingwa kwa mara ya mwisho na kuondoka.

"Kuna hoja?" Katibu aliuliza.

Mama Tanuri akangoja daktari wa meno asimame. Kijana alikuwa anamtazama Katibu mdomoni, pengine kwa mazoea ya kazi. Hakusimama. Mama Tanuri akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Hapo ndipo ilipokuja ile glasi ya maji.

"Kimepita," alisema Katibu.

Mama Tanuri alihisi masikio yakiziba. Kimepita? Kimepitaje? Baba yake alizaliwa baharini, kwa hiyo yeye si raia. Mumewe naye si raia. Nusu ya mtaa wao si raia. Nchi hii aliyoipigania kwa mikono yenye unga ingepata uhuru, na yeye angeamka asubuhi ile akiwa mgeni ndani yake. Alitaka kusimama. Angesimama aseme nini? Kwamba anajiombea? Mbele ya Gavana, aliyeingoja nafasi hiyo miaka yote? Aliziangalia kucha zake, zilizokuwa na unga ambao hautoki hata kwa brashi. Aliendelea kuziangalia. Sauti ya Katibu ilikuja na kuondoka kwa mbali, na yeye hakuelewa neno. Alizinduka viti vilipoburuzwa kwa ajili ya mapumziko.

Alimdaka daktari wa meno kwenye ujia, akamshika mkono wa koti.

"Mwanangu, umenifanyia nini?"

"Nimefanya nini, mama?"

"Uraia! Mbona hukusimama?"

"Nisimame nikaseme nini?" Kijana alishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Sisi wa milimani baba zetu wote wamezaliwa hapa. Kifungu hakitugusi."

"Nani kasema nyinyi? Mjomba wako alikuwa anatuombea sisi! Watu wa meli!"

Rangi ilimtoka kijana usoni. "Mimi nilijua hatujiombei," alisema polepole. "Nilijua Wakili ndiye anayetusemea sisi. Nikadhani kazi yangu ni kukaa na kuunga mkono. Mama, haki ya Mungu, hakuna aliyeniambia."

"Hakuna hata mmoja?"

"Nani angeniambia?"

Mama Tanuri akamwachia mkono wa koti. Yeye mwenyewe alimpokea kijana huyu, alimkalisha, alimpa mkate wa moto. Kumwambia "sasa wewe ndiye utakayetuombea" ilikuwa kumkumbusha, na kumkumbusha ni mwiko. Alikuwa ameona haya. Akamwacha kijana pale pale na kwenda kumtafuta Wakili, kwa sababu mtu akiumia sana hutafuta wa kumgombeza.

Alimkuta Wakili ameketi kwenye ngazi za nyuma, tai imelegezwa, kofia ipo chini. Wakili hakuwa mtu wa kuketi ngazini.

"Wewe ulikuwa unajua!" Mama Tanuri alianza. "Mtoto hajui kitu, lakini wewe unajua nani anamwombea nani. Mbona hukumfundisha?"

"Nilidhani wewe umemwambia."

"Mimi? Mimi nimwambie aniombee?"

"Basi nilidhani mtu mwingine kamwambia. Sijui nilidhani nini." Wakili aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Na wewe, Mama Tanuri? Mimi nilikuwa nakungoja wewe."

"Unaningojea nini?"

"Kifungu kilichofuata."

"Kifungu gani?"

"Mashamba ya bondeni," alisema Wakili. "Mkataba wa Kampuni. Miaka tisini na tisa mingine, na uhuru usiuguse. Katibu aliuliza kama kuna hoja. Aliuliza mara ya pili, nadhani hata yeye alishangaa. Mimi nakutazama wewe, wewe unatazama kucha zako."

Haiwezekani, alisema Mama Tanuri. Lakini ilikuwa imewezekana. Hotuba ya kukipinga kifungu hicho alikuwa ameifanyia mazoezi majuma mazima mbele ya kinyunya cha unga, mpaka mumewe akawa anamtania kwamba mikate inatoka ikiwa na hasira na Kampuni. Alijua kila shamba, nani alinyang'anywa, nani alifia kwenye mpaka akigombea mpaka. Na kifungu kikapita mbele ya pua yake. Akaketi ngazini kando ya Wakili bila kujali gauni.

"Ungesimama wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Ungepiga kelele."

"Ungesimama wewe, kwenye uraia."

Wakakaa hivyo, watu wawili wazima, kila mmoja amemponza mwenzake kwa adabu. Huko mbele ya jumba watu walikuwa wameshaanza kuimba.

Baadaye Wakili akavaa kofia. "Nimeongea na Katibu," alisema. "Gavana anasafiri jioni, hatakaa siku ya pili. Lakini amekubali kabla ya kutia saini kifunguliwe kifungu kimoja. Kimoja tu. Na sisi watatu tuwe na sauti moja, la sivyo anafunga faili."

"Kimoja," alirudia Mama Tanuri.

"Sikwambii kipi. Huwezi kusema mimi nimejiombea. Nakwambia sheria tu, kama wakili. Habari ya uraia, bunge letu wenyewe linaweza kuibadilisha asubuhi moja. Mkataba wa Kampuni hauguswi na bunge lolote. Umeandikwa hivyo."

"Na asubuhi hiyo mimi nitakuwa wapi? Bungeni sitakuwamo."

"Utakuwa nje, unatungoja. Na mimi nitakuwa ndani."

Mama Tanuri alimtazama. Alimwamini, hilo tuliseme wazi, alimwamini mtu yule kuliko alivyowaamini ndugu zake wa damu. Na hoja yake ilikuwa ya kweli, mtu yeyote angeiona. "Nitasimama," alisema. "Nitaomba mashamba. Ni kazi yangu, nami nimeiharibu, naitengeneza. Mwambie daktari anyamaze."

"Asante," Wakili alisema.

Kama angerudi ukumbini moja kwa moja, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini alitaka hewa, akazunguka nje mpaka penye lango. Gari la mikate lilikuwa limeegeshwa kivulini, mumewe anarushia watu mikate ya bure, na kando ya gari, kwenye kiti cha nyumbani alichobebewa, ameketi mama yake Mama Tanuri na nguo yake ya harusi za watu. Bibi yule alikuwa haoni vizuri tena. Alimtambua bintiye kwa harufu ya chachu.

"Tumepewa?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Nchi, mwanangu. Tumepewa?"

"Tumepewa."

"Na sisi tumo?"

Mama Tanuri hakuwahi kumdanganya mama yake, hata utotoni alipovunja vyombo. "Tumo," alisema.

Bibi alimshika mkono, akaupapasa. "Baba yako alikuwa akiulizwa kwao ni wapi, anacheka tu, maana bahari haina mji. Usiku ananiambia inamuuma. Leo wakiniuliza mimi, nitawajibu kwetu ni hapa. Nitawajibu kwa sauti."

Mumewe alimtazama mkewe usoni, mkate umebaki mkononi. Hakutoa mzaha. Mama Tanuri aliona kwamba ameshajua, naye akageuka haraka kurudi ndani kabla hajaulizwa.

Ukumbini kila mtu alikuwa amekaa. Kalamu ya Gavana ilikuwa imefunguliwa.

"Kifungu kimoja," alisema Katibu. "Ni kipi, na nani anaomba?"

Mama Tanuri akasimama. Wakili alimpa tabasamu dogo la kumtia moyo, kama alivyofanya miaka yote. Daktari wa meno alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameibana katikati ya magoti. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri: mashamba ya bondeni. Mama Tanuri akavuta pumzi.

"Kifungu cha uraia," alisema. "Naomba kwa niaba ya watu wa meli."

Ilikuwa sauti yake. Aliisikia kama wengine walivyoisikia, na alishtuka kama wao. Kwa muda alidhani atajisahihisha. Alisubiri ajisahihishe, na hakujisahihisha.

Gavana aliweka kalamu chini. Hakuwa amesema neno siku nzima. "Lakini, bibi," alisema, "wewe si mtu wa meli?"

"Ndimi."

"Nilifikiri nyinyi hamjiombei."

"Hata mimi nilifikiri hivyo," alisema Mama Tanuri.

Gavana aliegemea nyuma. Kilichokuwa usoni mwake hakikuwa hasira hata kidogo. Alikuwa na raha ya mtu aliyengoja basi siku nyingi na hatimaye analiona kwenye kona. Akamgeukia Wakili. "Na Umoja unasemaje? Sauti moja, tulikubaliana. Bwana Wakili, unaafiki?"

Wakili alikuwa hamtazami Gavana. Alikuwa anamtazama Mama Tanuri, tabasamu lile bado liko usoni, limesahauliwa hapo. Neno moja tu, hapana, lingetosha. Faili lingefungwa, uhuru ungeahirishwa mara ya tatu, na Gavana angewaandikia wakubwa zake kwamba alisema tangu mwanzo. Daktari wa meno akainua kichwa.

"Umoja unaafiki," alisema Wakili.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Gavana akayafuta yale maneno ya baba kwa mstari mmoja wa kalamu, watu wa meli wakawa wananchi, Kampuni ikabaki na bonde lake, na saini zikatiwa. Walipeana mikono. Picha ikapigwa. Wakili alipomfikia Mama Tanuri alimpa mkono kama alivyowapa wengine, mkono mkavu, wa baridi.

"Hongera, mwananchi mwenzangu," alisema.

Mama Tanuri alimtafuta usoni aone chuki. Angeiona angepumua. Hakuiona, na hilo lilimtisha kuliko matusi.

"Wakili, mimi... nilitaka kusema mashamba. Wallahi nilitaka."

"Najua. Nilikuona." Wakili alikuwa anakaza tai yake vizuri, maana milango ilikuwa inafunguliwa. "Watakuuliza, lakini. Mimi hawataniuliza, mimi kazi yangu ilikuwa milimani. Watakuuliza wewe. Wewe ndiye unayewasemea."

Milango ikafunguka na kelele zikaingia zote kwa pamoja. Waliokuwa mbele kabisa, wamejaa kwenye ngazi, walikuwa watu wa bondeni, kwa sababu walitembea tangu juzi ili wawahi. Walimwona Mama Tanuri wakaanza kuliimba jina lake. Mama wetu, walisema, mdomo wetu, na kabla hajashuka hata ngazi moja wakamdaka miguu na kiuno, wakamweka mabegani. Aliwaambia wamshushe. Aliwaambia tena, akawapiga mabega kwa viganja, akalia. Wakaona analia kwa furaha, wakambeba juu zaidi.